Swali Rahisi Kuliko Yote

Mjukuu wangu Neema alirudi kutoka Uingereza akiwa na shahada ya uhandisi wa maji, koti zito ambalo hapa Mogitu halina kazi hata upepo wa mlima ukishuka, na tabia mpya ya kucheka peke yake chumbani. Shahada nimeiona kwa macho yangu. Ina muhuri. Nimeshamwonyesha padri, nimemwonyesha mwenye duka, na nimemwonyesha yule jirani yangu aliyesema mtoto wa kike akipanda ndege hashuki tena. Mimi niliishia darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo mtu asinizuie kujisifu. Lakini kicheko kile kilinitia wasiwasi. Siku moja mvua inanyesha, nimekaa jikoni nachambua maharage, namsikia anacheka, ananyamaza, anacheka tena. Nikaacha ungo nikaenda. Nikasimama mlangoni nikamuuliza, "Unacheka na nani humo?"

"Na Waingereza, bibi. Karibu ukae."

Nikakaa kitandani kwake. Kwenye kompyuta palikuwa na watu watano nyuma ya meza ndefu iliyopinda, wamevaa nguo za gharama na nywele hawajachana. Wa katikati alikuwa na karatasi za maswali mkononi. Wale wanne kila mmoja alikuwa na kitufe mbele yake, akikibonyeza kinalia sauti yake, kimoja kama bata, kingine kama mtu anayepiga chafya. Mbele yao wamejaa watu wengine ambao hatuwaoni, tunasikia vicheko vyao tu. Neema akaniambia hiyo ni chemsha bongo ya runinga, ya vichekesho, na maswali yake ni ya mambo ambayo hakuna anayeyahitaji. Nikamwambia chemsha bongo naijua, mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye meza hiyo. Hakunisikia vizuri, alikuwa anatafsiri.

"Anauliza ngamia anaweka nini kwenye nundu."

"Mafuta," nikasema.

Mwanamume mmoja mwenye ndevu akabonyeza kitufe chake akajibu. Papo hapo honi kubwa ikalia, taa nyekundu zikawaka, neno alilosema likatokea ukutani nyuma yake kwa herufi kubwa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Amesema nini?"

"Amesema maji. Amekatwa alama."

"Huyo amesoma?"

"Amesoma sana, bibi. Chuo kikubwa kabisa."

"Na hajawahi kupasua nundu ya ng'ombe."

Maana nundu mimi nimezipasua. Ng'ombe wa kwetu wana nundu, na kila aliyewahi kushika kisu siku ya kuchinja anajua humo ndani hakuna hata tone la maji. Neema alicheka maneno yangu kuliko alivyowacheka Waingereza, sijui kwa nini, sikuwa nimesema cha kuchekesha. Tukaendelea kutazama. Mwanamke mmoja wala hakujibu swali. Alieleza habari ya shangazi yake aliyeanguka kutoka mgongoni kwa ngamia, habari ndefu, haina ngamia wala nundu mwishoni, na akapewa alama. Walipojumlisha, aliyeshinda alikuwa na alama mbili tu. Aliyeshika mkia alikuwa chini ya sifuri, tena mbali sana chini ya sifuri, na huyo ndiye aliyepigiwa makofi mengi. Nikamwambia Neema asimamishe kwanza.

"Ngoja nielewe. Anayesema jibu ambalo kila mtu angelisema, anapigiwa honi."

"Ndiyo, bibi."

"Anayezungukazunguka bila kulitaja, anapewa alama."

"Akizunguka vizuri."

"Na hawa wanalipwa."

"Wanalipwa vizuri sana."

Nikarudi jikoni. Maharage yalikuwa palepale lakini mikono yangu haikuyaona tena. Nilichanganyikiwa, nasema kweli, na mpaka leo ninapoandika haya kwenye daftari sijajipanga sawasawa. Maana mimi niliwahi kuzunguka. Nilizunguka mbele ya watu, juu ya jibu nililolijua kuliko ninavyojua kiganja changu, na hakuna aliyenipa alama hata moja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kama kumi na minane. Ya baba na mama, na nani alimpa nani ng'ombe wangapi, nayaruka, hayo kila ukoo unayo. Yatosha kusema kwamba nilitoka Tumati, upande wa Mbulu, kwa Wairaqw, nimebatizwa Marta, nikaja kuolewa huku chini ya Mlima Hanang na Mbarbaig mfugaji, ambaye mwaka ule nilimwona kwa nadra kwa sababu alikuwa na ng'ombe tambarare akitafuta majani. Niliyeishi naye ni mama mkwe. Nyumba yake ilikuwa ya chini, ya miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, ukiingia unainama na ukisahau kuinama unakumbushwa na mlango. Upande mmoja walilala ndama, upande mwingine mama mkwe, na mimi katikati, juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa kwenye kitanda cha udongo. Kuta za ndani hazikufika juu. Neno lililosemwa upande huu lilipita juu ya ukuta likakukuta upande wa pili limeketi. Mimi mambo yote makubwa ya mwaka ule niliyasikia kupitia juu ya ukuta, hakuna hata moja nililoambiwa usoni.

Chakula kilinisumbua miezi mitatu. Kwetu Tumati nilizoea kande, maharage na viazi, maziwa kidogo. Kwa mama mkwe maziwa yalikuwa ndiyo chakula, kilichobaki kilikuwa kiburudisho. Alisugua kibuyu kwa kijiti kilichounguzwa mpaka ndani kikawa cheusi, akamimina maziwa, akayaacha yagande, na yalipotoka yalikuwa na harufu ya moshi na ukali unaokufanya ufumbe jicho moja. Siku ya pili ya ndoa yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda anatikisa kibuyu kupata siagi, mimi nimekaa chini mbele yake, akaniambia bila kuacha kutikisa:

"Kuna maneno ambayo kuanzia leo huna."

Nikamwangalia.

"Jina la baba mkwe wako halipiti mdomoni mwako. Na neno lililomo ndani ya jina hilo halipiti. Ukilisikia kwa mwingine, sikia. Wewe usiliseme."

Kwetu sisi Wairaqw tunawaheshimu wakwe, lakini si kwa namna hiyo. Kwa Wabarbaig mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe mpaka anaingia kaburini. Na jina la baba mkwe wangu lilitengenezwa kutokana na neno la kwao lenye maana ya ziwa, kwa sababu alizaliwa karibu na ziwa lile kubwa la upande wa magharibi wa mlima, lenye viboko, na ziwa lenyewe linaitwa kwa neno hilohilo. Kwa hiyo siku ile kwa pigo moja nilinyang'anywa mzee na ziwa. Hapa kwenye daftari pia sitaliandika. Wa kwetu wanalijua, wa mbali waangalie ramani.

"Sasa nikitaka kulisema hilo ziwa nisemeje?" nikauliza.

"Sema maji mapana."

"Na nikikosea?"

"Utaona aibu."

"Basi?"

Hapo ndipo alipoacha kutikisa kibuyu. "Kwenu Mbulu aibu ni kitu kidogo?"

Nilikosea mara moja tu, kisimani, nikiwa na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Nililitaja ziwa lile bila kufikiri, kama mtu anavyotaja chumvi. Wifi akaniziba mdomo kwa mkono wake wenye maji, na wanawake wote waliokuwa wanateka wakatazama ndoo zao. Hakuna aliyenisema. Ingekuwa heri wangenisema. Kuanzia siku ile nikawa natembea na lugha yenye mashimo, nikifika kwenye shimo nazunguka. Kwa mzee mwenyewe ilikuwa vivyo hivyo upande wake. Hakunisemesha moja kwa moja mwaka mzima. Alimwambia mkewe, nami nikasikia.

Ilikuwa miaka ya kisomo, serikali inataka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Mwenyekiti wa kijiji alipita akasema kila kaya itoe mtu wa kwenda darasani, isiyotoa itajieleza. Nilikuwa upande wangu wa ukuta, namsikia mzee akinywa maziwa upande wa pili.

"Apelekwe yule wa Mbulu," akasema.

"Nani atateka maji?" mama mkwe akauliza.

"Wewe uliteka kabla hajaja. Apelekwe yeye. Kukamua kwenyewe anamwagia miguu."

Hivyo ndivyo nilivyorudi shule, kwa sababu sijui kukamua. Darasa lilikuwa ghala la mahindi la kijiji, tunakaa juu ya magunia, vumbi la mahindi linatupanda puani, na ubao umeegemezwa ukutani. Mwalimu alikuwa kijana wa Upare, ana shati moja jeupe ambalo alilifua kila jioni na kila asubuhi lilikuwa na unyevu bado. Kwa sababu kusoma nilikuwa nakujua, alinifanya msaidizi wake. Nilishika mikono ya mama za watu wazima, mikono migumu kama mpini wa jembe, nikaiongoza kuandika a, e, i. Nilijivuna kupita kiasi. Nilirudi nyumbani nikiwa na chaki kwenye vidole makusudi, sikunawa mpaka mama mkwe aione.

Ndipo mwalimu akatutangazia chemsha bongo. Madarasa matatu yatashindana, kila darasa litatoa mwanamke mmoja, na mashindano yatafanyika Endasak mbele ya viongozi. Atakayeshinda atapelekwa chuo cha wananchi miezi sita kujifunza ushonaji, na atakaporudi atarudi na cherehani. Sijui nieleze vipi nilivyoitaka cherehani ile. Nikiwa mtoto Tumati kulikuwa na fundi aliyekaa barazani mwa duka, mguu wake unakwenda, sindano inakwenda, kitambaa kinaingia kikiwa kipande cha kitu na kinatoka kikiwa gauni. Nilikuwa nasimama pale mpaka nafukuzwa. Sasa ilikuwa inasemwa cherehani yangu mwenyewe, na miezi sita ya kulala kwenye kitanda cha chuma na kula maharage. Maharage hayo pia niliyaota.

Nilidhani mzee atakataa. Jioni ng'ombe walipokuwa wanaingia nilisikia wanazungumza karibu na mlango.

"Akishinda aende," akasema. "Mashine itakuja kukaa hapa hapa."

"Na asiporudi?"

"Ng'ombe wetu wako kwa baba yake. Atarudi."

Wiki tatu mwalimu alinichemsha kama viazi. Ugonjwa gani unaletwa na mbu, maji yachemshwe kwa muda gani, mkoa gani unalima karafuu, mbolea ya samadi itandazwe lini. Nilijibu nikiwa nateka maji, nikazijibu kuni, nikawajibu ndama. Wifi alisema nitaolewa tena, safari hii na daftari. Siku ilipofika tulitembea kwa miguu hadi Endasak, mwalimu mbele na shati lake bichi, mimi nimevaa sketi ya ngozi ya wanawake wa kwa mume wangu, maana nilikuwa sina gauni la kufaa. Nyuma yetu, mbali kidogo, nikamwona baba mkwe anakuja na fimbo yake na shuka lake. Hakuna aliyemwalika. Mwalimu akaniuliza kama yule ni mzee wangu, nikasema ndiyo, akauliza anakuja kufanya nini, nikasema sijui. Nilikuwa sijui kweli.

Shuleni Endasak walikuwa wamepanga meza tatu mbele, na juu ya kila meza kikombe cha bati na kijiko. Ukijua jibu unagonga kikombe. Aliyegonga kwanza ndiye anayejibu, na akishagonga lazima ajibu kabla bwana wa kutoka wilayani hajahesabu kumi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwenzake. Mpinzani wangu hasa alikuwa Mama Petro wa pale Endasak, Mwiraqw mwenzangu, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika nje. Aliponiona na sketi ile akanisemesha kwa Kiiraqw ili wengine wasielewe.

"Wewe wa Tumati, wamekufanya nini? Umekuwa Mbarbaig kabisa. Hata samli nainusa."

"Samli yenyewe ulikuja kuinunua kwetu juzi," nikamwambia.

"Ndiyo maana naijua," akasema, na akacheka, na nikampenda papo hapo, jambo ambalo si zuri kwa mtu unayetaka kumshinda.

Yule mshindani wa tatu alishindwa mapema. Tukabaki sisi wawili, mimi nagonga, yeye anagonga, chumba kinapiga kelele kama mnada. Mbu nilimpata. Karafuu nilizipata. Yeye akapata samadi na jambo moja la siasa. Tukawa sawasawa. Bwana wa wilayani akainua mkono watu wanyamaze, akasema limebaki swali moja, na kwa kuwa sote tumejitahidi amechagua swali rahisi kuliko yote, hata mtoto wa miaka mitano analijua, atakayewahi kikombe ndiye mshindi. Akasoma: "Taja ziwa lililo upande wa magharibi wa Mlima Hanang, ambamo wanaishi viboko."

Kijiko changu kilikuwa kwenye kikombe kabla hajamaliza. Mkono uliwahi kuliko kichwa. Watu wa Mogitu wakapiga vigelegele, mwalimu akaruka kutoka kwenye benchi, na mimi nikafungua mdomo, na ndipo nilipoona nimesimama kwenye ukingo wa shimo.

"Ndiyo, Bi Marta," akasema yule bwana.

"Ninalijua," nikasema.

"Vizuri. Litaje."

"Ni yale maji mapana. Nyuma ya mlima, jua linakozama. Viboko wanalala mchana na kutoka jioni kula majani. Watu wanavua kambare. Ukisimama juu unaona vijilima vya udongo mweusi pembeni."

"Sijakuuliza habari zake. Nimekuuliza jina."

"Ng'ombe wa kwetu wananywa hapo kiangazi."

Watu wakaanza kucheka. Si vicheko vibaya, walidhani nimechanganyikiwa na furaha. Wanawake wa Kibarbaig waliokaa nyuma hawakucheka. Wao walielewa kabla bwana yule hajaanza kuhesabu, na nilisikia wakiguna kwa pamoja, sauti ya chini, kama watu wanaomwona mwenzao anavuka mto uliojaa. Moja, akasema bwana. Mbili. Baba mkwe alikuwa mlangoni, amesimama, maana hakukaa kwenye benchi za shule. Usoni sikuweza kumtazama. Niliona katambuga zake za tairi na ncha ya fimbo. Tatu. Nne. Mama Petro alikuwa ameshika kijiko chake, anasubiri, na hakuwa anacheka tena.

Mwalimu, maskini, alielewa nusu. Alichukua chaki akaja kunishikisha mkononi. "Kama mdomo unakataa, liandike," akaninong'oneza. Akamgeukia bwana mkubwa akauliza kama nikiliandika ubaoni litakubaliwa, na bwana akasema litakubaliwa, lakini kuhesabu haachi. Tano. Nikaenda ubaoni. Nikainua mkono. Herufi ya kwanza nilikuwa nayo kwenye vidole, nilikuwa naiona kabla sijaiandika. Na hapo mkono ukasimama.

Nataka mnielewe. Si kwamba nilikatazwa kuandika. Hakuna aliyewahi kunikataza, kwa sababu kwenye boma lile hakuna aliyewahi kuandika chochote tangu dunia iumbwe. Mama mkwe alinitajia mdomo. Mkono hakuutaja. Je, kuandika ni kusema? Nikiliandika, watu wote chumbani watalisoma, na ni mimi nitakuwa nimeliweka vinywani mwao, mbele yake, amesimama pale na fimbo. Au kuandika ni kama kuchora ng'ombe, ambaye halii wala hapigi mtu pembe? Sita, saba. Nilimtafuta mtu wa kumuuliza. Padri wa Tumati asingejua. Mwalimu asingejua. Wa kujua alikuwa mmoja, na mimi na yeye hatusemeshani. Nane. Nikaweka chaki chini ya ubao taratibu, isivunjike, ilikuwa ya serikali. Tisa. Kumi.

Mama Petro akagonga kikombe chake kidogo tu, kama anaomba radhi, akalitaja lile neno. Kwake lilikuwa neno tu. Akapigiwa makofi.

Nilipomsimulia Neema haya, alikuwa amefunga kompyuta yake na machozi yalikuwa karibu. "Bibi, kule kwenye kile kipindi ungeshinda," akasema. "Ulieleza viboko, kambare, vijilima. Hukulitaja jibu la kila mtu. Wangekupa alama zote." Nikamuuliza kule ni wapi. Mimi nilikuwa Endasak. Endasak cherehani ilikwenda kwa Mama Petro, na aliitumia vizuri, siwezi kumsingizia. Alishona nguo za nusu ya wilaya, alishona hata gauni la kipaimara la mama yake Neema, na nilimlipa kama mtu mwingine yeyote, na kila nilipokwenda kupimwa alinipima kwa upole mno, na upole ule sikuupenda. Neema akasema basi nilikuwa shujaa. Hilo nalo sijui. Kuna siku najiona mwanamke mwenye heshima kuliko wote waliokuwa kwenye chumba kile, na kuna siku najiona mjinga aliyeogopa chaki. Siku nyingine ni vyote viwili kabla ya saa nne asubuhi.

Tulirudi Mogitu kwa mstari, mwalimu mbele, mzee nyuma. Mwalimu alipofika njia panda aliniambia angalau ningejaribu kitu chochote, hata kosa, akageuka akaenda zake. Nyumbani mama mkwe hakuniuliza, aliona uso. Alinipa maziwa, nikayanywa nikiwa nimesimama. Jua lilikuwa halijazama, ng'ombe wanaingia, yeye akaenda kukamua. Mzee akaja akasimama karibu naye, nje ya ukuta, mimi niko ndani na kibuyu mkononi.

"Ameshindwa?" mama mkwe akauliza.

"Hakushindwa. Alinyamaza."

"Kwa nini?"

"Waliuliza jina langu. Waliliita ziwa, lakini ni jina langu."

Maziwa yakaacha kulia kwenye chombo. Kisha yakaendelea. "Basi amefanya vizuri," mama mkwe akasema. "Amejua kukuheshimu."

"Amefanya vizuri," mzee akasema. "Lakini walimpa ile chaki. Alisimama mbele ya ule ubao na chaki mkononi. Nikasema leo nitaliona."

"Utaona nini?"

"Jina langu. Wananiandika kwenye makaratasi yao, ya kodi, ya ng'ombe. Wananionyesha mistari wananiambia wewe uko hapa. Sijui ni lipi langu kati ya hayo. Nimetembea mpaka Endasak. Nimesikia anasoma, nikataka nione anavyofanya. Akainua mkono, akashusha."

"Ungemwambia."

"Nimwambie vipi? Mimi na yeye tunaongea?"

Nilikaa chini hapo hapo na kibuyu changu. Ndama mmoja alikuja akaninusa sikio. Miezi sita ya chuo na kitanda cha chuma na cherehani vilikuwa vimekwenda, vimekwenda kwa ajili ya heshima yake, na mwenye heshima alikuwa amesimama mlangoni anaomba kimoyomoyo nimvunjie. Au siyo kuvunja. Hata leo sina neno lake.

Asubuhi niliamka kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Kwenye mlango wa boma, mahali kwato zinapopita kila siku, udongo ulikuwa laini kama unga. Nikachukua kijiti nikaanza kuandika. Nilifanya herufi kubwa, kila moja urefu wa mkono wangu, kuanzia nguzo moja ya mlango mpaka nguzo ya pili, na mdomo nilikuwa nimeufunga kwa nguvu, meno yananiuma. Mama mkwe akatoka na kibuyu chake akanikuta nimefika katikati. Alizitazama zile alama. Hakujua kusoma, lakini alijua.

"Umelisema?"

"Sijalisema, mama. Nimeliandika."

"Tofauti yake nini?"

"Sijui."

Alisubiri nimalize. Hakunizuia, na hakunisaidia. Mzee alipotoka, nikasogea nyuma ya mama mkwe nikatazama chini, kama inavyotakiwa. Aliinama juu ya herufi. Kisha akamuuliza mkewe linaanzia wapi.

"Mwambie linaanzia upande wa jua," nikamwambia mama mkwe.

"Linaanzia upande wa jua," mama mkwe akamwambia, kana kwamba alikuwa hajasikia.

Akaenda upande wa jua. Akatembea pembeni ya jina lake polepole, hatua kwa hatua, akaliangalia mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akatembea tena. Ng'ombe walikuwa wameshaanza kulia, wanasukumana, wanataka kutoka, na wa mbele alikuwa tayari ameelekeza kichwa mlangoni. Mzee akamrudisha kwa fimbo. Akazunguka mpaka upande wa pili wa boma, akaweka fimbo chini, akaanza kung'oa miiba ya uzio kwa mikono yake mwenyewe, tawi baada ya tawi, hakumwita mtu, mpaka pakawa na nafasi ya ng'ombe mmoja kupita. Wakatoka kwa huko wote, mmoja mmoja. Na mlango wa siku zote haukupitwa na mnyama wala mtu, tukawa tunatoka na kuingia kwa nyuma, mpaka mvua zilipokuja.